Ramani ya Matopeni

*3 Februari*

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa kivulini unasuka mikeka yako, si umeinama majini, maana mgongo wako naujua na ubishi wako naujua zaidi. Mimi ni mzima. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeisha, kimebaki kile cha asubuhi tu. Chumba ni kilekile, ghorofa ya tatu, juu ya mafundi cherehani. Wakianza kushona saa moja asubuhi sakafu yangu inatetemeka na kijiko kinacheza ndani ya kikombe. Nimeshazoea. Siku za mapumziko, cherehani zikinyamaza, ndipo nashindwa kukaa ndani.

Binti yangu amejifungua salama huko kwa mumewe. Mtoto wa kike. Kwa hiyo sasa wewe ni bibi, utake usitake. Sijamwona bado, wamesema nitaletewa picha. Kazini nachora kama kawaida. Ramani za barabara, ramani za mabomba. Meza yangu iko dirishani, na hilo peke yake linatosha kuwafanya wenzangu wanione napendelewa.

Nina swali dogo. Yale madimbwi ambayo baba alikuwa akiyaita kwa majina mwanzoni mwa msimu wa kukata matete, bado unayakumbuka yote? Nimekaa nikahesabu, nikafika tisa, nikakwama. Ukipata nafasi niandikie, na useme lipi liko upande gani wa lingine. Ni kumbukumbu tu. Umri nao unakimbia.

Wasalimie wote. Mfinyanzi mwambie bado naiota ile mitungi niliyomvunjia utotoni.

Mdogo wako,
Korongo

*26 Februari*

Korongo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili kwa mama wa duka la barabarani, ikapata doa la mafuta ya taa, lakini inasomeka. Nimefurahi kuwa bibi. Picha ikifika niletee mimi, wewe utaipoteza.

Huku wote wazima. Mfinyanzi anakusalimu, anasema mitungi alishaisamehe ila masikio yako angeyavuta tena akiyapata. Mvuvi na mkewe wanakusalimu. Mkunga anakusalimu, ni magoti tu yanamsumbua. Maji yapo. Yamepungua tangu wale wa mashamba ya juu wachimbe mfereji wao, lakini yapo. Mafunjo ambayo zamani yalimpita mtu aliyesimama mtumbwini, sasa yananifika begani.

Unauliza majina. Miaka kumi na tisa uko huko, hukuniuliza hata kambare wanazaa lini. Leo umekumbuka. Haya.

Ni thelathini na moja. Tunavyofanya hujasahau, natumaini: mmoja anasimama mbele ya mtumbwi anaita jina la dimbwi, mwingine yuko nyuma na upondo anajibu, "Lipo." Baba aliita, mama akajibu. Likijibiwa ndipo tunakata matete yake. Lisilojibiwa linaachwa lipumzike mwaka mzima. Mwaka huu nimeita mimi, akajibu Mfinyanzi. Mambo yalikwenda vizuri.

Ukiingia, la kwanza ni Mlango wa Matete. Kushoto kwake Jicho la Kambare, ambalo haliguswi wakati kambare wanazaa. Mbele yake Chungu Kimoja, kwa sababu udongo wake mweusi unachukuliwa wa kutosha chungu kimoja kwa safari moja, basi, hata kama mtumbwi una nafasi. Mashariki kabisa ni Aliporudi Binti, na ukingoni pake vimezikwa vitovu vyetu, changu na chako. Magharibi ni Walipongoja. Hapo wazee wetu walikaa siku tatu, maji shingoni, watu wa juu walipokuja kuwachukua kwa kamba. Matete yaliwafunika, na hakuna mtoto aliyelia. Mama alikuwa akitusimulia hilo tulipolia kwa ajili ya vitu vya kijinga.

Mengine nimeyaandika nyuma ya karatasi kwa mpangilio wake, na kila moja tunalitumia kwa nini. Jumla niliyoyaandika ni thelathini. La thelathini na moja ni la mama, na hilo haliandikwi.

Dada yako

*20 Machi*

Dada,

Shikamoo. Majina nimeyapata. Niliyasoma kwa sauti hapa chumbani, fundi mmoja akapanda ngazi kuuliza kama nina mgeni. Nikamwambia ninaye.

Afya ni njema. Picha ya mjukuu haijafika.

Lile la mama usiniandikie jina kama hutaki. Niambie tu liko upande gani, mashariki au magharibi. Nitakuja likizo mwezi wa nane, nitakueleza vizuri. Wasalimie wote.

Korongo

*2 Mei*

Korongo,

Marahaba. Tuko salama. Mfinyanzi anasalimu. Mkunga anasalimu.

Wiki iliyopita walikuja watu wawili, mwanamume na mwanamke, mabuti hadi magotini, wamebeba fito zenye rangi nyekundu na nyeupe. Wakapima, wakachomeka vigingi. Yule mwanamke alikuwa na adabu, alivua kofia kabla ya kunisalimu. Akaniuliza, "Mama, hapa nyumba ngapi zina watu?" Nikamwambia ahesabu mwenyewe, macho anayo. Akazunguka. Aliporudi aliandika kwenye karatasi yake, akanitazama kidogo, akaikunja.

Walikuwa na ramani. Niliomba kuiona, akanifunulia. Haina jina hata moja, ni namba tupu. Chungu Kimoja kimekuwa kumi na saba. Lakini ile saba niliijua. Ina mkia unaopinda ndani. Saba hiyo nilikufundisha mimi, kwa kijiti, kwenye tope.

Sikuulizi kitu. Mwezi wa nane nakungoja.

Dada yako

*17 Juni*

Dada,

Shikamoo. Salamu nyingine zimenikwama, nisamehe.

Ni mkono wangu. Nilipewa kazi hiyo mwezi wa kwanza, kabla sijakuandikia. Ofisi inataka kukausha kwetu kote. Mfereji mkuu upite humo, maji yashuke mtoni, ardhi iwe mashamba. Kwenye faili pameandikwa kwamba ni eneo tupu lisilo na matumizi. Siku mkuu wa ofisi alipotandaza mezani kwangu zile picha zilizopigwa kutoka angani, alisema, "Hapa hawakai watu, wanakaa vyura." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, dada. Miaka yote hii sijamwambia mtu pale kwamba mimi ni mmoja wa wale wanaowaita watu wa matopeni. Wanadhani nimezaliwa mjini, nami nimewaacha wadhani.

Kisha nikaanza kuchora ukingo wa maji na mkono ukawa unajua unakokwenda kabla ya jicho. Nikafikiri nikipata majina nitayaandika, pamoja na matumizi yake. Kwa kanuni za ofisi yetu, mahali penye majina na matumizi hapaitwi patupu mpaka wenyewe wasikilizwe. Ndiyo sababu niliuliza. Ningeweza kukwambia tangu mwanzo, lakini ningeanzaje? Kwamba mdogo wako ndiye anayeuchora huo mfereji? La mama nililiulizia kwa kuwa mfereji umepangwa upite upande wa magharibi, na penye ukimya kwenye ramani, pasipo na jina, ndipo wanapopaona rahisi kupitisha.

Sasa na wewe unijibu. Karatasi ya yule mwanamke wa mabuti imefika mezani kwangu juzi. Imeandikwa hivi: "Nyumba kumi na nane. Zenye watu, moja. Mkazi ni mwanamke, msusi wa mikeka, anaishi peke yake." Niliisoma, nikaenda kunawa uso, nikarudi nikaisoma tena.

Salamu za Mfinyanzi zinatoka wapi, dada? Ulipoita, nani alijibu?

Korongo

*9 Agosti*

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako karibu wiki sita. Mama wa duka ameniuliza mara tatu kama sina ya kupeleka.

Nilikasirika. Kuchora nimekuelewa, kazi ni kazi, usingechora wewe angechora mtu asiyejua hata maji yanaanzia wapi. Nilikasirikia kile kicheko. Nilikuona kabisa, umekaa kwenye kiti chako dirishani, unacheka. Nilikuwa nikienda kuchota maji nakuona, nikilala nakuona. Sasa imepungua. Haijaisha, imepungua.

Haya, na yangu usikie. Wameondoka. Mvuvi na mkewe walitangulia mwaka juzi, nyavu zilipoanza kutoka na matope matupu. Mkunga akafuata, watoto wake walikuja kumbeba. Wengine wakaondoka wawili wawili, watatu watatu. Wote wako kwenye ule mji wa barabarani, nyumba za mabati, mwendo wa nusu siku kupita lile duka la barua. Mfinyanzi alikuwa wa mwisho, sasa ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikuja asubuhi kuniaga, mzigo kichwani, nami nilikuwa nasuka. Sikuinua uso. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza mstari mzima wa mkeka, nikaanza mwingine. Akasema, "Basi, shoga yangu." Akaenda.

Zile salamu nilikuwa nazitunga. Kila mtu nilimpa maneno yake, kama ambavyo angesema. Nikiandika niliwaona wamekaa. Nikifunga bahasha wanaondoka tena.

Hakujibu mtu. Mwezi wa pili niliingia na mtumbwi peke yangu, nikaita la kwanza, nikangoja. Mwisho nikajijibu mwenyewe, na ikawa aibu, kama mtu anayejipigia hodi. La pili sikuliita. Kwa hiyo mwaka huu sijakata hata tete moja. Nasuka matete ya mwaka jana, makavu, yanakatika mkononi.

La mama liko magharibi, nyuma ya Walipongoja. Kwa nini haliandikwi unajua, ingawa hukuwepo. Mtumbwi ulirudi bila yeye, tukamtafuta siku tisa, hatukumpata. Maji yale ndiyo kaburi lake, na jina la kaburi hatumpi mgeni. Lakini ikiwa mfereji unapita penye ukimya, basi andika. Linaitwa Amelala. Tumia mwandiko mzuri.

Usije mwezi huu kwa kunihurumia. Maliza kwanza hicho ulichoanza.

Dada yako

*5 Septemba*

Dada,

Shikamoo. Picha ya mjukuu imefika, naiweka humu kabla sijaipoteza. Ana miguu mirefu, pole yake.

Nimeyaandika yote thelathini na moja kwa wino mweusi, na pembeni nimeandika ni nani anachukua nini na msimu gani. Mkuu wa ofisi huwa hakagui kazi yangu, ananiamini, kwa hiyo ramani ikapanda kwa wakubwa vilevile. Ikarudi na agizo kwamba wenyeji wasikilizwe, tarehe 30, kwenye ukumbi wa shule ya pale mji wa barabarani.

Aliniita. Hakunifokea. Akauliza, "Haya umeyatoa wapi?"

"Kwa dada yangu," nikasema. "Mimi nimezaliwa hapa." Nikaweka kidole.

Akatazama kidole, si mimi. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile." Sikujua anamaanisha siku ipi, halafu nikajua: siku ya vyura.

Nimehamishiwa chumba cha chini, kupanga ramani za zamani kwenye makabati. Hakuna dirisha. Wenzangu wa juu wananisalimu kwenye ngazi kama mtu aliyefiwa. Likizo imesogezwa hadi itakapojulikana, na kikaoni sitaruhusiwa kufika.

Watataka kuona watu, dada. Mmoja hatatosha. Unajua wanakoishi. Na najua ninakuomba nini.

Korongo

*14 Oktoba*

Korongo wangu,

Marahaba, na asante kwa picha. Miguu ni yako kweli. Nimeichomeka kwenye ukuta juu ya mtungi wa maji, kila nikienda kunywa naonana naye.

Nilitembea ile nusu siku. Mfinyanzi anakaa chumba kimoja nyuma ya gereji. Hana tanuri, hana udongo, anauza ndoo za plastiki. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nikabisha hodi, akafungua, akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Umemaliza mkeka?" akaniuliza.

"Bado," nikasema.

Akanipisha nikaingia. Hatukulizungumza zaidi ya hapo. Alinipa maji ya kunywa, akanitandikia, na kesho yake akafunga mlango wa duka tukazunguka wote wawili nyumba kwa nyumba. Mvuvi alikataa kwanza, akasema ameshachoka kuongea na watu wa kofia. Mkewe akamwambia akae basi alinde kuku, yeye anakwenda. Akavaa viatu.

Kikaoni tulikuwa ishirini na watatu. Ramani yako ilitundikwa ubaoni, kubwa kama shuka. Hakuna aliyeambiwa, watu waliinuka wenyewe wakaisogelea, mmoja mmoja, wakaweka vidole. Mvuvi hajui kusoma. Mkewe alimsomea, na kila jina alilitikisia kichwa kama anayehakikishiwa habari za ndugu. Mkunga alililia Aliporudi Binti, kimya tu, akijifuta kwa ncha ya khanga.

Mwenyekiti wa kikao akauliza nani kati yetu anaishi huko. Nikasimama peke yangu. Korongo, sijawahi kusimama peke yangu mbele ya watu wengi kiasi kile, na wote ninawajua, na wote wamekaa. Akawageukia wengine. "Basi ninyi mmekuja kwa sababu gani?"

Mfinyanzi akasimama. "Hatuishi huko kwa sababu maji mlianza kuyachukua ninyi," akasema. "Lakini sisi tunatoka huko. Ukiniuliza ninakaa wapi nitakuonyesha gereji. Ukiniuliza mimi ni nani, lazima nikupeleke kule."

Kisha nikalitaja la mama kwa mdomo wangu, mbele ya wageni. Nikasema yuko humo. Mwandishi hakusikia vizuri, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Uamuzi umeletwa juzi. Mashariki yatabaki, madimbwi kumi na tisa, na hayaguswi bila sisi kuulizwa. Magharibi yanakaushwa, na mashine zimeshaanza. Walipongoja inakwenda. Amelala inakwenda. Usijilaumu. Kwenye ile karatasi ya kwanza hayakuwepo hata hayo kumi na tisa.

Jana niliingia kule kwa mama na mtumbwi. Mashine ziko mbali bado, unasikia mngurumo tu, lakini maji yameshashuka. Kwenye mashina ya mafunjo unauona mstari wa unyevu, na maji yenyewe yako chini yake upana wa kiganja. Nilimweleza mama yatakayotokea. Nilimwambia kwa maneno ya kawaida, kama unavyomwambia mtu mzima kwamba nyumba imeuzwa. Nikamwambia na habari zako, pamoja na kicheko, maana yeye hafichwi. Nikakaa mpaka jua likanichoma, nikarudi.

Siku ile ya kikao, tulipotoka, Mfinyanzi alinishika mkono akaniambia nikae nao, chumba kinatosha wawili. Nikasema nina mikeka imeanikwa. Akasema atakuja msimu wa matete, siku moja, achukue udongo na anijibie. Labda atakuja. Aliposema hivyo alikuwa anautazama mlango wa duka lake. Wote walinisindikiza hadi mwisho wa nyumba za mabati, kisha wakageuka, nami nikaendelea. Nilikuwa nimezoea kutembea peke yangu, lakini siku ile nilijua hatua zangu zinavyosikika.

Nimeishi nikikwambia kwamba sina shida. Sasa nakwambia ninayo. Likizo wakikurudishia, hata ikiwa mwakani, njoo. Usininunulie kitu. Nataka mtu wa kubishana naye asubuhi, anayejua ninazungumza kuhusu nani. Tutagombana, najua, juu ya mama na juu ya mengine, na tugombane. Kitanda chako bado kipo pale dirishani. Miaka yote nilikuwa naweka mikeka juu yake.

Leo nimeitoa.

Dada yako